Jumapili Ambayo Sikupita

Niliipenda ile sauti kabla ya kulipenda gari lenyewe. Nilikuwa nimesimama nje ya ofisi ninakofanya kazi mjini Kakamega, faili mkono mmoja na chapati iliyokunjwa mkono wa pili, niliposikia kitu kikipanda kutoka upande wa sokoni. Kilinguruma kwa chini, kikapasuka mara mbili, kikanyamaza, halafu kikaanza upya. Karani mwenzangu aliziba masikio kwa vidole. Mimi niliacha kutafuna. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, baba wa watoto watatu, mtu wa kuvaa tai Jumatatu hadi Ijumaa na kuambiwa "ngoja hapo nje" na wakubwa walionizidi cheo tu wala si umri. Lile gari lilipita na kila mtu barabarani akageuka. Nilitaka kugeukiwa namna hiyo. Nasema ukweli sasa, kwa sababu wakati ule nilikuwa nasema kwamba napenda injini.

Nilipata langu baada ya mwaka mmoja: la buluu, kuukuu kidogo, lililotoka Japani na turbo yake, na lilipofika lilikuwa na adabu zake. Likiwashwa ungedhani ni friji. Nikalipeleka kwa fundi wa ekzosi mwenye banda nyuma ya stendi, mtu mwenye makovu ya moto kwenye kila kidole, ambaye hakuwa na maswali mengi.

"Bosi, unataka watu wakuone ama wakusikie?"

"Wanisikie."

Alilala chini ya gari, akaikata sailensa, ile chupa ya chuma inayomeza kelele za injini kabla hazijatoka nje, akachomelea mahali pake bomba pana lililonyooka moja kwa moja hadi nyuma. Alipomaliza alinipa ufunguo na kusogea pembeni. Nilikanyaga mafuta. Mabati ya banda yalitetemeka, kuku wa mama muuza chai wakatawanyika, nami nikacheka peke yangu mle ndani kama mwendawazimu.

Tulikuwa kundi dogo la watu wa namna hiyo. Mwalimu mmoja, muuza dawa za mifugo, daktari wa meno na wengine wachache, wote watu wazima wenye vitambi. Jumapili baada ya ibada tulikutana kwenye kituo cha mafuta, kisha tukaelekea Buyangu, ambako msitu unasogea karibu na lami, kwa sababu miti hurudisha sauti. Tulifungua madirisha na kusikilizana jinsi wanakwaya wanavyosikilizana. Mmoja akipita, wengine wanasema ya huyu imekauka koo, ya yule ina kifua. Hakuna aliyemuuliza mwenzake habari za nyumbani, na nadhani hiyo ndiyo raha tuliyoifuata kule.

Waliotuchukia walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa madereva kama sisi. Jirani yangu wa mlango wa pili aliendesha ambulansi. Alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu za mvi, asiyepandisha sauti hata akifukuza mbwa. Jioni moja alinisubiri getini, akainama dirishani.

"Jirani, mimi nikiwasha king'ora watu wanageuka kwa sababu nimebeba mtu anayekufa. Wewe ukipita wanageuka waone nini?"

Nikamwambia ana wivu. Hakunisemesha tena juu ya jambo hilo. Mke wangu naye alisema mtaa mzima unajua saa tunayotoka na saa tunayorudi, hata mwizi hana haja ya kuuliza. Kitinda mimba wetu alilia kila nilipoliwasha, nikasema atazoea. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Ukinikosoa navimba, na nikivimba nafanya zaidi.

Boma la baba lilikuwa kando ya barabara kuu ya kwenda Kisumu, ukishapita Mukumu na kabla ya kufika Sigalagala. Presha ya macho ilikuwa imempofusha polepole, jicho moja kisha la pili, na kufikia wakati ninaousimulia hakuweza kutofautisha mchana na usiku. Kwa miaka mingi alikuwa amefuga mafahali wa kupigana, kama wanaume wengi wa kwetu, na alimjua kila fahali kwa sauti kabla hajatoka kitandani: huyu ameshiba, huyu ana hasira, huyu leo atakimbia. Macho yalipokwisha, masikio yakachukua kazi yote.

Mimi nilirithi jina la babu. Kwa hivyo baba hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita "baba", kama alivyomwita mzazi wake mwenyewe. Nami nilimwita Mzee. Mara ya kwanza nilipoliingiza gari lile bomani alitoka mlangoni akasimama, ameinamisha kichwa.

"Baba, hii gari ni mgonjwa?"

"Ni zima, Mzee. Ndivyo inavyolia."

"Basi mwenye aliitengeneza ndiye mgonjwa."

Dada yangu mkubwa, aliyerudi nyumbani ndoa yake ilipovunjika na ndiye aliyekuwa akimtunza, alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Lakini haikuchukua muda nikagundua kwamba kila nikifika nakuta ugali uko tayari mezani, wa moto, na mboga imepakuliwa. Dada alinieleza siri yake.

"Akikusikia ukitoka Mukumu ananiambianga, weka maji ya obusuma, huyo anakuja. Hajawahi kukosea."

Baba alilichukia gari lile kwa moyo wote, na alilijua kuliko fundi aliyelichomelea.

Kisha akafariki mzee mmoja wa kijiji cha pili, rafiki wa baba tangu ujana wao wa mafahali. Mtu kama huyo kwetu hazikwi kimyakimya. Anafanyiwa shilembe: mafahali huletwa bomani kwake, watu wakikimbia nao na fimbo na matawi mikononi, ngoma za isukuti zikipigwa bila kupumzika, na fahali wake mwenyewe hupitishwa mbele ya nyumba ya bwana wake ili amuage. Ndiyo heshima ya mwisho, na ikienda vizuri watu huizungumzia kwa miaka. Baba aliombwa ashike kamba ya fahali huyo pamoja na watu wa nyumba ile, kwa sababu alimjua tangu akiwa ndama. Dada aliniambia kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo mzee hakulala. Alikuwa akijipangia atakachomwambia ng'ombe.

Sisi wenye magari nasi tulikuwa na desturi yetu, mpya. Mwili ukitoka mochari, magari yenye ekzosi kubwa yanatangulia msafara, yakipiga resi na honi, matawi yamefungwa kwenye vioo. Familia nyingi zilipenda. Zilisema marehemu wao amesindikizwa. Nilialikwa na mmoja wa wana wa marehemu, na nikafurahi kuliko inavyomfaa mtu aliyeitwa msibani.

Tulifika wakati mafahali wamekwisha kusanyika uwanjani. Wenzangu wote waliegesha barabarani. Mimi niliuona umati ukigeuka, nikaingia mpaka kwenye nyasi, nikakanyaga mafuta na kuyaachia ghafla, na bomba likapasuka mara tatu mfululizo kama bunduki.

Fahali wa marehemu aliruka. Alikata kamba, akapita katikati ya viti vya plastiki, akaangusha hema, akaingia kwenye mahindi ya jirani na kupotea. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Vijana walimfuata mpaka mtoni na kumkuta amesimama majini, anatetemeka, na kila walipomvuta kuelekea bomani alilala chini na kukataa kuinuka. Ikabidi waendelee bila yeye. Mzee yule akazikwa na ng'ombe wake hajamuaga. Mjane alinitazama mara moja tu, kisha akafunika uso kwa leso.

Baba alikuwa bado ameshika kipande cha kamba. Dada alimwongoza mpaka kwenye mlango wa gari langu, na watu wakanyamaza wamsikie.

"Baba, hii gari isiingie kwangu tena. Ukitaka kuja kwangu, uje na miguu yako."

Hakupaza sauti. Angepaza, labda ningemeza. Lakini wazee walikuwa wamesimama pale, na wenzangu wa Jumapili, na mtu mmoja ananirekodi kwa simu, nikajiona nafukuzwa kama mtoto aliyeiba miwa. Nikajibu maneno ambayo tangu siku hiyo nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko sala.

"Basi hata mimi siingii, Mzee. Nitakuwa napita tu barabarani. Utanisikia."

Kwetu mtoto wa kiume hapiti mlango wa baba yake. Hata kama unakimbilia mazishi, unaingia, unasalimu, unameza tonge moja ndipo uende. Kumpita mzazi ni kuutangazia ulimwengu kwamba mzee huyu hana mtoto. Nilijua hivyo nilipokuwa nikisema, na ndiyo sababu nilisema.

Wiki tatu baadaye niliuza gari. Ningependa kuandika kwamba niliuza kwa majuto, lakini hapana. Turbo ilikuwa imeanza kutoa moshi, mke wangu alikuwa amekataa kulipanda, na shule zilikuwa zinafunguliwa. Lilichukuliwa na kijana mmoja mwenye duka la simu mjini. Alilizunguka mara mbili bila hata kufungua boneti.

"Buda, usiniambie kitu. Washa tu."

Niliwasha. Akatabasamu kama mtu aliyeitwa kwa jina lake, tukamalizana hapo hapo.

Watu wa nyumbani sikuwaambia. Nilijua watakachosema: aliambiwa aje kwa miguu, sasa amebaki na miguu. Nikijiwazia nashuka kwenye boda boda pale getini, majirani wananitazama, na baba ananisikia nikija bila kelele, niliona ni kama kumpa ushindi kwenye sahani. Nikajiambia nitakwenda nikipata gari lingine, la kimya na la heshima. Mwezi ukaisha. Nikajiambia Krismasi. Krismasi mtoto akashikwa na homa, na moyoni nikashukuru kwamba nimepata sababu. Dada akipiga simu nilikuwa na haraka kila mara. Nilituma salamu, nikatuma sukari na majani ya chai kwa mtu anayekwenda upande ule. Miezi saba ilikwisha hivyo. Mwishowe haikuwa hasira tena, maana hasira ingenipeleka huko angalau tukagombane. Ilikuwa ni uzito tu, kama wa mtu anayeahirisha kwenda kung'oa jino, na kila wiki jino linazidi kuoza.

Jumatatu moja dada alinipigia nikiwa kazini.

"Uko mzima?"

"Niko mzima. Kwani kuna nini?"

"Baba amenisumbua tangu jana. Ati nikuulize kama uko mgonjwa. Jana hukupita."

"Sikupita wapi?"

"Si hapa kwa balabala. Wewe unapitanga kila Jumapili. Jana amekaa hapo kwa ua tangu tutoke kanisa mpaka mvua ikampata. Anasema hajakusikia, labda umepatwa na kitu."

Nilisimama nikafunga mlango wa ofisi. Nilimuuliza kwa nini wanadhani ni mimi.

"Hiyo gari nani haijui?" Kisha akapunguza sauti, kwa sababu mzee alikuwa karibu. "Na amesema nikwambie kuna tuta jipya wameweka hapa mbele ya geti. Halina alama. Ukifika hapo upunguze mwendo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kijana wa duka la simu aliyelinunua gari alikuwa ameniambia ana mchumba Kisumu, na kila Jumapili alikwenda kumwona. Alipita na gari langu mbele ya mlango wa baba yangu, akikanyaga mafuta kwenye ule mteremko kama nilivyokuwa nikifanya mimi, na mzee kipofu aliyeambiwa "nitakuwa napita, utanisikia" alikuwa amekaa kwenye ua, anasikia.

Naona aibu kusema kitu cha kwanza nilichohisi. Haikuwa huruma. Ilikuwa hasira ya mtu aliyesingiziwa. Miezi saba naandikiwa dhambi ambayo sikuitenda! Kijiji kizima kimenisikia nikimpita mzee kipofu, wiki baada ya wiki, nikimpigia resi mlangoni! Kumbe ndiyo maana siku moja tulipokutana sokoni, jirani mmoja wa nyumbani aliangalia chini. Habari ya tuta ilipita sikio moja ikatokea la pili. Habari ya mvua vilevile. Nilisikia tu kwamba jina langu limechafuliwa na kwamba ni lazima lisafishwe.

"Sijapita hapo hata siku moja," nilimwambia dada. "Gari niliuza zamani."

Nilimsikia akisogea mbali na mzee.

"Basi wewe njoo tu ule," alisema.

Ningemsikiliza dada yangu, nisingekuwa na haya ya kuandika.

Nilikwenda Jumamosi, kwa boda boda, na kumbe yale niliyoyaogopa miezi saba hayakuwepo. Hakuna jirani aliyetoka kutazama. Baba alikuwa kwenye benchi lake karibu na ua wa michongoma, amekonda, koti limemlegea mabegani. Alinijua kwa nyayo kabla sijafungua mdomo.

"Baba, umekuja na miguu," alisema, akacheka. Alinyoosha mkono, akaupata wangu, na hakuuachia. "Umefanya vizuri. Wewe, mletee huyu kiti. Mtafutie ingokho."

Dada alikwisha kumkamata kuku tangu asubuhi. Tulikaa. Aliniuliza habari za mke wangu na za watoto, mmoja baada ya mwingine, na hakusahau hata yule aliyekuwa na homa wakati wa Krismasi. Alikuwa na furaha, na ilionekana wazi. Mtu mwingine yeyote angeiacha siku ile kama ilivyokuwa.

"Mzee," nikasema, "nimekuja kukwambia kitu. Yule anayepita hapa Jumapili si mimi."

Alinipigapiga mkono. "Hiyo imeisha. Hata nimesahau."

"Si suala la kuisha. Sikupita. Gari niliuza wiki tatu tu baada ya msiba."

"Nilikusikia, baba."

"Ulisikia gari. Sio mimi niliyekuwa ndani."

"Ng'ombe wangu nilikuwa nawajua kwa sauti nikiwa bado kwa blanketi. Sasa nishindwe kujua gari ya mtoto wangu?" Alitabasamu na kuinama kuelekea kwangu, kama anayenihurumia. "Usione aibu. Ulisema utapita, ukapita. Kupita si dhambi."

Nilimwona haniamini. Zaidi ya hapo nilimwona ananisamehe, na kusamehewa kosa ambalo sikulifanya kulinichoma kuliko matusi. Nikaenda jikoni nikamlalamikia dada. Alikuwa akinyonyoa kuku, hakuinua uso.

"Si uache? Amefurahi hivyo."

"Anafurahia uongo."

"Basi muache na uongo wake. Unakuumiza nini?"

Nilimwambia yeye haelewi mambo ya wanaume. Jioni nikarudi mjini, nikaenda moja kwa moja kwenye duka la simu.

Kijana alinipokea vizuri, akanivutia kiti. Nilipomwomba apite kwa baba na ile sauti mimi nikiwa pale, alijikuna kichwa.

"Mzae, hiyo sauti nilitoa. Nimerudisha sailensa wiki imepita. Mchumba amesema nichague, yeye ama bomba."

Ndiyo sababu Jumapili iliyotangulia gari halikusikika: lilipita kama kawaida, kimya, na baba akanyeshewa akilisubiri bila kujua limekwisha kupita. Nilimsihi kijana. Nilimweleza kwamba ni kwa siku moja tu, kwamba jina langu limeharibika kwa ajili ya gari lile. Nadhani alikubali kwa sababu naye bado alikuwa akiipenda ile sauti. Asubuhi ya Jumapili tulimtoa fundi wa ekzosi nyumbani kwake akiwa amevaa shati la kanisani. Bomba langu la zamani lilikuwa bado limening'inia kwenye ukuta wa banda lake kwa waya, lina vumbi. Alilishusha na kulitazama, kisha akanitazama mimi.

"Unatoa, unarudisha, unatoa. Nyinyi watu mnatafutanga nini?"

Alilifunga kwa muda mfupi, na gari likanguruma tena. Kwa mara ya kwanza nililisikia nikiwa nje, kama watu wengine walivyokuwa wakinisikia. Ilikuwa kelele tu.

Tulipanga hivi: mimi nitangulie kwa boda boda, nikae na mzee, kisha nimpigie kijana simu, atoke mjini, apite mbele ya geti kama alivyozoea, aende hadi Sigalagala, ageuze na kurudi. Nilijisifu moyoni kwa mpango huo. Nilifika watu wametoka kanisani. Nilikaa kwenye benchi upande wa kulia wa baba, nikamshika mkono, nikamwomba dada naye asogee awe shahidi. Alikuja anapangusa mikono kwa aproni, uso umekunjamana, akasimama nyuma yetu.

"Mzee, niko hapa na wewe, sivyo? Mkono huu ni wangu?"

"Ni wako."

"Haya. Sikiliza."

Nilipiga simu. Kwa muda kukawa na pikipiki na malori tu. Kisha, mbali, kule Mukumu, ikaanza. Mimi niliisikia baada yake; nilijua kwa sababu vidole vyake vilikaza kwenye mkono wangu na kichwa chake kikainuka. Uso wake ulifunguka. Sikuwahi kumwona baba yangu na uso ule, kwa kuwa kila alipouvaa zamani mimi nilikuwa bado barabarani. Midomo yake ilikuwa ikijongea kidogo, kama mtu anayefuata wimbo anaoujua. Sauti iliteremka, ikakua, ikatetemesha mabati, ikalegea kwenye tuta, ikapasuka mara mbili mbele ya geti na kuelekea Sigalagala mpaka ikaisha.

Aliupapasa mkono wangu kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko, akarudi tena mpaka vidoleni.

"Kumbe si wewe," alisema.

"Si mimi, Mzee. Si nilikwambia?"

Nilikuwa na furaha. Niandike na hilo. Nilimgeukia dada nione kama amesikia, na nikamkuta ameziba mdomo kwa kiganja, ananitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

"Tangu lini?" baba akauliza.

"Tangu wiki ya tatu baada ya msiba."

"Wewe hukuwa unapitanga."

"Hata mara moja," nilisema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Aliuachia mkono wangu, polepole, akaweka mikono yake yote miwili juu ya magoti.

"Mimi nilikuwa najiambia, amekasirika, lakini anakuja. Kila Jumapili anatoka kwake, anakuja mpaka hapa kwa mlango wangu. Anashindwa tu kukata kona. Nikasema, siku moja atachoka kupita, ataingia." Alinigeuzia uso. "Sasa baba, hiyo miezi yote ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nyumbani kwangu, mwendo usiofika nusu saa. Jumapili zote hizo nilikuwa nimelala kwenye kochi nikitazama mpira, na sikuwa hata na hasira. Nilimtazama dada anisaidie, lakini alikwisha kugeuka kwenda jikoni.

Alileta chakula. Tulinawa, mimi nikimmwagia baba maji, naye akasema asante kama anavyomwambia mgeni. Tukaanza kula. Hatukuwa tumefika mbali wakati gari liliposikika tena likipanda kutoka Sigalagala, na kijana, kwa uungwana wake, alipofika getini alipiga honi kutusalimu. Dada aliinua kichwa. Mimi niliinua kichwa. Baba alikata tonge, akalichovya, akaendelea kula.